Pikipiki ya Bonasi

Persis alikuwa amepanda gunia la mahindi jikoni, mguu huku na mguu huku, miiko miwili mikononi, akinguruma kwa mdomo. Kichwani alivaa helmeti. Chini ya rinda alivaa suruali ya marehemu mumewe, ameifunga kiunoni kwa kamba ya ndama.

"Klachi. Gia. Sasa breki," alijiambia. Alipofika kwenye breki akasahau ni mwiko upi, akaanguka yeye na gunia lake.

Mafunzo yalikuwa yaanze kesho yake, na Persis aliogopa kupita kiasi.

Pikipiki yenyewe ilikuwa sebuleni, imefunikwa leso kama mgonjwa. Bonasi ya chai, malipo ya mwisho wa mwaka kwa wakulima, ilipoingia, wanawake wenzake wa Magwagwa walinunua mabati na matangi ya maji. Yeye akanunua pikipiki. Walimcheka, lakini sababu yake aliificha, kwa maana ilikuwa ya aibu.

Binti yake mkubwa, Sheila, alipokuwa anaolewa, Persis alifikishwa kwa wakwe na bodaboda. Kwenye mteremko wa mwisho alifumba macho, akamkaba dereva shingo, akaingia uani kwa watu akimwita Yesu, kitambaa chake cha kichwa kimehamia usoni kwa dereva. Ni Mungu tu aliyewafikisha. Kwa Wakisii, mama mkwe na mkwewe hawapeani hata mkono. Wanaheshimiana kwa mbali, macho chini. Sasa fikiria mama mkwe anayewasili amekumbatia mwanamume! Wakwe wale wanacheka hadi leo.

Na sasa Lorna, kitinda mimba, naye alikuwa amepata mtu. Jumapili walitakiwa kwenda Nyansiongo kuona boma la kijana. Persis hakuwa amemwona kijana mwenyewe wala kuuliza jina lake. Mambo hayo Lorna aliyazungumza na shangazi yake, kama inavyofaa.

"Safari hii nitafika nikijiendesha," Persis aliapa. "Hakuna mwanamume nitakayegusana naye. Lorna wangu hataolewa kwa kicheko."

Ili majirani wasijue, alitafuta mwalimu wa mbali, huko Mosocho, akaaga kwamba anaenda kung'olewa jino. Alipoaga tena kesho yake, na kesho kutwa, watu wakaanza kumchungulia mdomoni.

Mwalimu naye alidanganywa. Persis alijiita Mama Firdaus, jina la mama anayemuuzia leso mjini Kisii. Mwalimu aliitwa Haron, kijana mrefu, mpole, anayesema "pole mama" hata kabla mtu hajaanguka.

"Mama Firdaus," Haron alisema siku ya kwanza, akijikuna kisogo, "kwa kawaida mimi hukaa nyuma, nashika usukani pamoja na mwanafunzi. Lakini wewe ni mtu mzima. Sijui kama ni heshima."

"Heshima haijawahi kuendesha pikipiki," Persis akamjibu. "Panda nyuma, na unishike."

Haron akapanda. Persis akaachia klachi yote mara moja, pikipiki ikaruka na kuondoka nao.

"Ee Nyasae, Mungu wangu! Nishike kiuno, wewe kijana! Kwa nguvu!"

Haron akamshika kwa nguvu. Walizunguka uwanja, wakapita katikati ya nguo za mtu zilizoanikwa, wakatumbukia mtaroni, Haron chini, Persis juu yake, na shimizi isiyo ya yeyote kati yao imewafunika wote wawili. Persis alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mwanangu," alisema akihema, "hata marehemu hakuwahi kunishika hivyo."

"Pole mama," Haron akasema kutoka chini.

Kufikia Ijumaa alikuwa anajua kuondoka, kusimama na kukata kushoto. Kulia kulimshinda kabisa. Akitaka kwenda kulia, alikata kushoto na tena kushoto mpaka akajikuta huko.

"Tumalizie kulia Jumapili?" aliuliza.

"Jumapili sipo, mama. Tuna shughuli nyumbani."

"Basi hata mimi nina safari."

Waliagana kwa furaha. Persis alimshika mikono yote miwili, akampapasa shavu, akamwombea apate mke mwema.

Jumapili wajomba na mashangazi walitangulia kwa gari. Persis alifuata nyuma, mgongo wima, polepole kiasi kwamba mzee mmoja aliyekuwa akiswaga ng'ombe alimpita na kumsalimu. Lakini alifika. Lango la boma, kwa rehema za Mungu, lilikuwa upande wa kushoto. Akaingia uani, akasimamisha pikipiki bila kugonga kuku hata mmoja, akavua helmeti. Kitambaa chake kilikuwa palepale. Vigelegele vikapanda. Hakuna aliyecheka, hakuna mwanamume aliyemgusa, na Persis akahisi furaha ambayo hakuwa ameihisi tangu azikwe mumewe.

Shangazi wa kijana, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, alimkaribisha. "Mwanetu yule pale karibu na Lorna. Anakuamkia kwa mbali."

Persis akainua macho. Kando ya Lorna, ndani ya suti mpya, jasho likimtiririka na macho yamezama kwenye viatu, alisimama Haron.

Persis naye akainamisha uso mpaka kidevu kikagusa kifua.

"Mnaona?" shangazi aliwaambia wageni, akipiga makofi. "Huyu ndiye mama mkwe! Kijana wetu hajawahi hata kumtia machoni, na tazameni wanavyoheshimiana!"