Gari Lililolala

Shemeji alimleta mnunuzi wa vyuma chakavu bila hata kupiga hodi. Gari la kifahari aliloniachia marehemu mume wangu, zee la silinda nane, lilikuwa limelala tumbo chini kama kila asubuhi, maana springi zake za hewa huvuja.

"Si unaona? Limekufa," shemeji alimwambia, mguu juu ya bampa. "Mwanamke ataliwezea wapi?"

Niliingia garini, kucha zangu zikiwa bado na grisi ya jana, nikawasha. Likanguruma mpaka madirisha ya jirani yakatetemeka. Kisha springi zikajaa hewa, likainuka polepole, nyuma kwanza, kama ngamia.

Mnunuzi akarudi nyuma.

Nikashusha kioo. "Shemeji, toa mguu. Nachelewa kazini."