Miyaa Myekundu

Mji mzima uliijua ile riwaya kongwe kwa ghibu: shujaa anasafiri miaka saba, mkewe anamngoja nyumbani. Mwanahamisi alipoanza kuwasomea tena wanawake wanaosuka mikeka kwa miyaa, majani makavu yaliyochanwa, Bi Rukia, fundi wao, alijiwekea sharti: shujaa akisema, yeye anasuka mwaa mweupe, mke akisema, mwekundu.

Kitabu kilipokwisha, wakaukunjua ukili wake, utepe mrefu uliosukwa tayari kushonwa mkeka. Ulitoka ukumbini, ukapita barazani, mweupe pe, na karibu na ncha ndipo wekundu ulipochungulia mara moja.

"Hapo alisema nini?" Bi Rukia akauliza.

Mwanahamisi akapekua kurasa. "Alisema, 'Karibu, mume wangu.'"

"Miaka saba, mwanangu, neno lake ndilo hilo tu?"

Bi Rukia akalitazama fungu la miyaa myekundu, aliyoichovya rangi kwa mikono yake mwenyewe, likingali zima. Akalivuta mapajani.

"Fungua tena mwanzo. Ila safari hii usisome. Tumsikilize mke."

Mwanahamisi akafungua, akafumba mdomo. Mikono yote ikatulia juu ya ukili. Kati ya kurasa, kwa mbali kabisa, mwanamke akajikohoza.