Mtetea na Kivuli cha Ungo

Kulikuwa na kuku mmoja, Mtetea, aliyenyakuliwa na mwewe, akapigana huko juu mpaka akaachiliwa, akapona. Ila tangu siku hiyo, kivuli kikipita tu, anaruka toka kwenye mayai yake na kukimbilia uvunguni. Hata ungo wa kupepetea mchele ukiinuliwa, mbio! Mayai yakawa yanapoa, na yakipoa sana ni viza, hakuna mtoto.

"Mwewe kaenda zake, shemeji," Jogoo akamcheka. "Ungo umeanza lini kula kuku?"

Bata hakucheka. "Woga wa hivi hautoki kwa kusutwa, shoga. Nisimulie ya mwewe, yote, usifiche hata unyoya. Kisha tuutazame ungo kwa mbali. Kesho tusogee."

Mtetea akasimulia, wakautazama ungo kwa mbali. Kesho yake akasimulia tena, akasogea. Mwishowe akaweza kulalia mayai kivulini mwa ungo, moyo unatwanga kama mchi, lakini makalio yametulia.

Jogoo kuona kichekesho chake kimekwisha, akajitwika ungo, akaja kasi analia kimwewe. Mtetea akajiambia, "Mwewe yule alikuwa wa juzi. Huu wa leo ni ungo." Hakuinuka. Jogoo akajikwaa, ungo ukamfunika. Hata kifaranga angeweza kuufunua, lakini Jogoo alipiga yowe:

"Shemeji! Giza! Nimeshikwa, nakufa!"

"Pole, shemeji," Mtetea akamjibu, akiyakumbatia mayai vizuri. "Mimi hapa siinuki mpaka wanangu watoke. Mwite Bata."