Mlangoni kwa Pweza

"Mwalimu, hapo pana mwenyewe," alisema Mboni, akionyesha magamba ya kaa yaliyorundikana mdomoni mwa shimo.

Mimi mtu wa milimani Lushoto nikadhani ni takataka za mawimbi. Nikaingiza mkono, niwaonyeshe watoto wa darasa la likizo kwamba shimo ni tupu. Pweza akanikamata mpaka kwenye kiwiko.

Nikavuta, akakaza. Na maji yalikuwa yameanza kujaa.

"Ukivuta hakuachi, mwalimu. Legeza mkono, upige hodi," akasema Mboni.

Asubuhi ile nilimtoa nje ya darasa kwa kuingia bila hodi. Sasa watoto wote walikuwa wananingoja.

Nikalegeza mkono. Nikainama hadi kidevu kikagusa maji.

"Hodi!"

Mnyiri mmoja wa pweza ukabanduka mkononi mwangu.

"Bado mbili," akasema Mboni.