Mama Nyatichi

"Mama Nyatichi!" nesi akaita mara ya tatu.

Joto lilikuwa limenipanda tena, kuanzia kwenye kovu la titi hadi utosini. Nilijipepea kwa bahasha ya vidonge vya homoni, vile vya kuzuia saratani isirudi. Tangu nianze kuvimeza, hedhi ilikatika, na siku hizi nasahau hata sufuria motoni. Hilo ndilo nililokuja kumwambia daktari hapa kliniki Migori.

Nesi akaita tena. Hakuna aliyesimama.

"Kwani huyo mama ameenda wapi?" nikamwuliza binti yangu. "Anatuchelewesha."

Binti yangu akaacha kunifuta jasho. Kitambaa kikabaki hewani.

"Mama," akasema polepole, "Nyatichi si ni mimi?"