Mtama wa Matanga

Kindi, Njiwa na Nungunungu walipendana kama chanda na pete, na kila mwaka walisherehekea pamoja sikukuu ya mavuno. Basi ukaja mwaka mmoja mvua ikakataa kabisa. Mashamba yalikauka, na aliyebaki na akiba ni Kindi peke yake: shimo lililojaa mtama, chini ya kitanda chake. Hakumwambia mtu.

Siku ya sikukuu walikutana kwa Njiwa.

"Mimi nimekuja mikono mitupu, jamani," alisema Nungunungu kwa haya.

"Hata mimi," alidakia Kindi.

"Msijali," alisema Njiwa, ambaye alikuwa amekonda akabaki manyoya. "Nina punje sita. Sikukuu ni watu."

Akawagawia mbili mbili. Kindi alikula zake. Alitamani kusema kweli, lakini aliogopa kuulizwa mbona alinyamaza siku zote zile. Akajiambia kesho atamletea Njiwa kibaba kimoja, kimyakimya.

Kesho hakuleta, wala kesho kutwa. Siku ya nne Nungunungu alimjia akilia: Njiwa amekufa kwa njaa.

Ndipo Kindi alipofukua shimo, akajitwika kikapu tele mpaka msibani.

"Tumuage mwenzetu kwa heshima," alisema.

Nungunungu alikitazama kile kikapu.

"Mtama huu uliuvuna lini, ndugu yangu?"

Nungunungu alimzika Njiwa bila kuomba msaada, kisha akaenda zake na njaa yake, asiguse hata punje.