Kitambaa cha Misheni

Basi la misheni ya Turkana lilikuwa likimngoja Kamene kwa stegi ya Riruta. Akabisha kwa mzee jirani amwachie ufunguo. Akabisha tena, kisha akausukuma mlango.

Mzee alikuwa amekufa, mdomo wazi, mkono ukining'inia juu ya kikombe cha maji ambacho haukukifikia.

Wiki nzima Kamene alimsikia akikohoa nyuma ya ukuta wa mabati, akawa anaongeza sauti ya redio aiombee safari vizuri.

Simu ikalia. "Dada Kamene, tunakuacha! Kule kuna watu hawajawahi kufikiwa."

"Hata hapa kwa ploti yetu wapo," akasema, akakata.

Akavua kitambaa kipya cha misheni kichwani, akakipitisha chini ya kidevu cha mzee, akafunga fundo utosini. Akakaza.

Mdomo ulikataa kufungika.